Wodi isiyo na kosa hata moja mimi siiamini

Muuguzi akipangiwa kituo kipya au akipata uhamisho, kabla hajauliza kama kuna nyumba za watumishi, kabla hajauliza habari za maji na umeme, anatafuta namba ya mtu anayemjua kule na swali la kwanza ni hili, inchaji wa huko, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, yukoje? Haulizi waziri ni nani, haulizi mkurugenzi wala DMO, yaani mganga mkuu wa wilaya, maana hao atakutana nao kwenye nyaraka na siku za ziara, ila inchaji ndo atakayempangia naiti, zamu za usiku, ndo atakayepitisha likizo yake, na ndo atakayeamua kama kosa la saa tisa usiku litakuwa mazungumzo ya dakika kumi au barua ya kujieleza. Makala nyingi za uongozi kwenye afya zinaanzia juu sana huko, sera, mkakati, dira, zinaisha bila kufika wodini, wakati kazi ya muuguzi inaharibikia wodini na inatengenezwa wodini, na mtu mmoja mwenye funguo za stoo na peni ya kupangia rosta.

Wasomi wa uongozi wana majina yao. Kurt Lewin na wenzake mwaka 1939 walishagawa mitindo mitatu, anayeamrisha, anayeshirikisha, na anayeacha kila mtu afanye anavyojua. Mwaka 1978 akaja James MacGregor Burns, 1985 Bernard Bass, wakaweka upande mmoja kiongozi wa nipe nikupe, fanya upewe kosea uadhibiwe, na upande mwingine yule anayewainua watu mpaka kazi wanaiona ni yao. Tafiti za wauguzi karibu zote zinazunguka humo humo na majibu yanafanana, anayeshirikisha na kuinua watu wauguzi wake wanaridhika na hawakimbii. Sawa, sina ugomvi nayo. Ila nyingi ni dodoso, muuguzi anaulizwa unamuonaje bosi wako, alafu anaulizwa wewe mwenyewe unafanyaje kazi, majibu yanajumlishwa yanaitwa utendaji. Mtu anayempenda bosi wake atasema kazi inaenda vizuri, sasa ulitegemea aseme nini?

Kuna utafiti mmoja tu ambao mimi naurudia kila mara watu wakianza mjadala huu, wa Amy Edmondson wa Harvard, uliochapishwa 1996, alioufanya akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Alichukua wodi nane kwenye hospitali mbili za Marekani, akapima ubora wa timu na uongozi wa kila wodi, alafu akalinganisha na makosa ya dawa yaliyogundulika kwenye wodi hizo. Alitegemea kama ambavyo wewe na mimi tungetegemea, kwamba wodi yenye uongozi mzuri itakuwa na makosa machache. Matokeo yakaja kichwa chini miguu juu, wodi zenye uongozi mzuri ndo zilikuwa na makosa mengi zaidi. Akatumwa mtu mwingine asiyejua matokeo hayo akakae na wauguzi awasikilize, na kilichoonekana ni kwamba kwenye wodi za uongozi mzuri watu walikuwa wanayasema makosa yao, kwenye zile zingine walikuwa wanayafukia. Tofauti kubwa ilikuwa mdomoni, nani anathubutu kusema.

Sasa lete hilo huku kwetu Tanzania. Ukienda kwenye wodi ukaona daftari la matukio liko safi, mwaka mzima hamna dozi iliyorukwa, hamna mgonjwa aliyeanguka kitandani, hamna damu iliyocheleweshwa, mkaguzi anapiga makofi na inchaji anapewa cheti cha mfanyakazi bora Mei Mosi. Mimi hapo ndo naanza kuogopa. Wodi ya wagonjwa arobaini, usiku muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, mwaka mzima bila kosa hata moja? Haiwezekani. Kinachowezekana ni kwamba sindano ya saa sita usiku haikuchomwa kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha mwisho alibadilika, muuguzi akawa naye mpaka saa nane, na alipokumbuka akasaini kwenye chati kama imechomwa, kwa sababu anajua akiandika ukweli asubuhi ripoti itasomwa mbele ya wote na inchaji atamuuliza mbele ya madaktari na wanafunzi, "ulikuwa umelala?" Akisaini, hakuna atakayejua. Yaani mgonjwa kakosa dozi na hospitali imekosa habari kwamba kakosa dozi, na hii ya pili ndo mbaya zaidi kwa sababu kesho itatokea tena kwa mwingine.

Na siyo dozi tu. Nani hajaona chati ya wodi nzima presha 120/80, joto 36.5, kuanzia kitanda cha kwanza mpaka cha thelathini, kama vile wote ni mtu mmoja? Nani aliyepita leba hajaona partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, inachorwa mama akiwa keshajifungua, mstari umenyooka vizuri kabisa, na mtoto wa kwenye karatasi anashuka kwa utaratibu kuliko mtoto wa kweli? Watu wanakimbilia kusema wauguzi wavivu, wauguzi hawana wito. Wapo wavivu, nisidanganye. Ila wengi wanaojaza namna hiyo ni watu waliojifunza, tena kwa kuonyeshwa na wakubwa wao, kwamba bosi anachokagua ni karatasi imejaa au haijajaa, na karatasi iliyoachwa wazi inakuletea matatizo kuliko karatasi ya uongo. Hilo ni somo la uongozi kabisa, tena limeeleweka vizuri sana.

Nisieleweke kwamba amri haina kazi. Mama anatokwa damu baada ya kujifungua, hapo hatuitani kikao cha kushirikishana mawazo, anatakiwa mtu mmoja mwenye sauti aseme wewe weka laini ya pili, wewe kimbia maabara na sampuli ya damu, wewe minya tumbo usiache, na kila mtu afanye. Mainchaji wazuri niliowaona mimi kwenye emajensi ni wakali kweli kweli. Tofauti yao ni kwamba mama akishatulia wanakaa na vijana wanauliza kilichowachelewesha ni nini, na ukali wanauacha mlangoni.

Tatizo la kwetu ni kwamba ukali wa emajensi tumeufanya ndo mtindo wa siku zote, na tumeufundishwa kutoka juu. Novemba 2015, siku chache tu baada ya kuapishwa, Rais Magufuli aliingia Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini, mashine za MRI na CT scan hazifanyi kazi, akavunja bodi, akambadilisha kaimu mkurugenzi, akaletwa Profesa Lawrence Museru. Ndani ya siku chache mashine zikafanya kazi na vitanda vikaja. Nchi nzima ilishangilia na mimi naelewa kwanini, mashine iliyokuwa inasemekana haiwezekani ghafla imewezekana! Lakini angalia ni vitu gani vilivyotengenezeka, mashine, vitanda, vitu ambavyo ukiingia mlangoni unaviona. Amri ina nguvu sana kwa kitu kinachoonekana. Dozi iliyorukwa usiku haionekani, na huwezi kuitumbua, utaijua tu kama aliyeiruka amekwambia. Na baada ya pale kila mkuu wa wilaya na kila diwani naye akajiona ana ziara ya kushtukiza ya kufanya, anaingia na kamera, anamfokea nesi mbele ya wagonjwa, anaagiza asimamishwe kazi hapo hapo, video inasambaa WhatsApp kabla hata nesi hajapewa nafasi ya kusema glovu ziliisha tangu wiki iliyopita na MSD, Bohari ya Dawa, hawajaleta. Inchaji anayeangalia video hiyo anajifunza nini? Anajifunza kwamba kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha hakuna kitu kinachoonekana kibaya. Anarudi wodini na yeye anafanya hivyo hivyo kwa walio chini yake.

Ngoja nije kwenye rosta, maana hapa nina mengi.

Kama unataka kujua mtindo wa uongozi wa wodi yoyote usisumbuke na dodoso, omba rosta za miezi mitatu minne uziweke pamoja mezani. Kila kitu kimo humo. Angalia naiti zinaangukia kwa nani, angalia nani ana ofu kila mwisho wa wiki na nani hajawahi kupumzika Jumapili, angalia Krismasi na Idi nani alikuwepo, angalia yule mama mwenye mtoto wa miezi minne kapangiwa nini, angalia mara ngapi jina limefutwa na kuandikwa upya juu ya wino. Wodi nyingine utakuta kuna majina mawili matatu hayajui usiku unafananaje, na kuna kijana wa ajira mpya yeye na naiti ndo ndugu. Ukiuliza unaambiwa huyo bado anajifunza. Anajifunza usiku, peke yake, kutoka kwa nani?

Na rosta inaenda na mengine ambayo hayaandikwi. Semina. Wote tunajua semina ina posho, na posho kwa mshahara wa muuguzi siyo jambo dogo. Majina yakiombwa kutoka wodini inchaji anaandika nani? Kwenye wodi nzuri kuna orodha, aliyeenda anakaa nyuma, asiyeenda anasogea mbele, na anayerudi anawafundisha wenzake alichopata hata kwa nusu saa tu. Kwenye wodi mbaya unasikia tu fulani hayupo, yuko Morogoro kwenye mafunzo ya huduma kwa watoto wachanga, wakati fulani mwenyewe yuko wodi ya wanaume na aliyeko wodi ya watoto wachanga hata hakuambiwa. Hapo sasa muuguzi wa watoto wachanga ataendelea kuja kazini, atasaini rejista, atavaa sare, lakini ule moyo wa kumrudia mtoto mara ya tatu kuangalia anapumuaje, huo huwezi kumdai kwa barua. Hamna kifungu cha sheria kinachosema mrudie mara ya tatu. Hiyo mara ya tatu inatoka kwa mtu anayejisikia anaonekana na anatendewa haki, na ndo inayookoa mtoto.

Kwa hiyo wakisema utendaji wa muuguzi mimi nauona una sehemu mbili. Kuna ile ambayo unaweza kuilazimisha, kufika kwa wakati, sare, kusaini, dawa za saa mbili. Bosi mkali ataipata hiyo bila shida. Na kuna ile ya ziada ambayo muuguzi anaitoa akitaka, kumsikiliza mgonjwa mpaka aseme kile alichoona aibu kumwambia daktari, kumpigia simu daktari mara ya pili baada ya kufokewa mara ya kwanza, kumwambia mwenzake ebu niangalizie hii dozi kabla sijachoma. Bosi mkali anaiua ya pili bila kujua, kwa sababu ya kwanza inaendelea kuonekana nzuri kwenye karatasi.

Watu wanapenda kumsema bosi mkali, mimi mwenyewe hapa nimemsema, ila kuna mwingine ambaye hasemwi kwa sababu ni mtu mzuri. Inchaji mpole. Hana tatizo na mtu, hagombi, hafokei, ukimuomba ruhusa anakupa, hata wakiomba watano siku moja anawapa wote. Wodi yake mwanzoni kila mtu anaitamani. Alafu inaanza, fulani anachelewa saa nzima hasemwi, wa asubuhi wanasubiri wa mchana mpaka saa kumi, funguo za dawa kali hazijulikani ziko mfuko wa nani, wawili watatu wanaojituma wanafanya kazi ya wote mpaka wanachoka nao wanaomba kuhama. Lewin alishaiona hii ya kuacha kila mtu afanye anavyojua tangu kwenye vikundi vyake vya watoto, na tafiti zilizofuata kwa wauguzi hazijamtetea mtu wa aina hii. Kwa mkali angalau unajua umesimama wapi. Kwa mpole, anayefanya kazi vizuri na asiyefanya wanapata kitu kile kile, na wanaofanya vizuri ndo wanakuwa wa kwanza kuondoka.

Lakini tukishamsema inchaji namna hii tujiulize tumempataje. Mara nyingi ni mkongwe wa wodi, au ni yule mwenye mikono mizuri, anapata mshipa wa mtoto uliowashinda wote, basi siku metroni anastaafu au anahamishwa anaambiwa kuanzia Jumatatu wewe ndo inchaji. Hajafundishwa kupanga rosta, hajafundishwa kuongea na mtu aliyekosea, hajafundishwa kusimamia ugomvi wa watu wazima wawili. Anafanya kama alivyofanyiwa yeye, na wengi walifanyiwa enzi za metroni anapita na kidole kukagua vumbi juu ya kabati. Na bado wagonjwa wake anao, maana ikama haijajaa, hawezi kukaa ofisini aongoze tu. Alafu mamlaka yenyewe hana, kuajiri hawezi, kununua glovu hawezi, kumpandisha mtu daraja hawezi, mtoro akimwandikia ripoti inaweza kukaa juu huko mwaka mzima. Kitu pekee alichonacho mkononi cha kumpa mtu au kumnyima ni rosta na jina la semina, ndo maana anavitumia hivyo hivyo vibaya. Mtu ukimpa lawama zote na ukamwachia madaraka ya peni usishangae peni ikiwa kali.

Serikali imejaribu kupima utendaji, tusiseme haijajaribu. OPRAS ilikuja 2004, fomu ndefu, mtumishi na msimamizi wake wakae mwanzo wa mwaka wakubaliane malengo, katikati wakague, mwisho watathmini. Wazo zuri. Kilichofanyika wodini wengi mnakijua, Juni ikifika watu wanaazimana fomu ya mwaka jana, malengo ya wodi ya upasuaji yananakiliwa wodi ya wazazi, inchaji anasaini ishirini kwa mkupuo, mpaka zamu ya kupanda daraja ikifika ndo mtu anaitafuta. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 tuko na PEPMIS, sasa ni kwenye mfumo wa kompyuta, unaingiza kazi zako na msimamizi anathibitisha. Mfumo umebadilika, yale mazungumzo kati ya mtu na bosi wake yanategemea bado bosi anajua kuzungumza. Muuguzi ametoka naiti anatafuta mtandao aandike amehudumia wagonjwa wangapi, huyo aliyesali na ndugu wa marehemu saa kumi alfajiri anaandika wapi?

Kuna mahali tumefanya vizuri zaidi, na ajabu hatupaongelei. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza ile ya Wajapani ya 5S na Kaizen, ya kupanga sehemu ya kazi na kuiboresha kidogo kidogo kila mara, mwaka 2007, baadae ikasambaa hospitali nyingine nchini. Wengi wanaikumbuka kwa kupanga makabati na kubandika lebo, na kuna hospitali iliishia hapo hapo, lebo tu. Ila ilipofanywa vizuri ilikuwa inampa mtu wa chini ruhusa ya kusema hapa pana kero na mimi nina wazo, timu ndogo ya wodi inakaa, inajaribu, inaona, bila kusubiri kibali cha wilaya. Yaani inchaji alipewa kitu kingine cha kuongozea zaidi ya adhabu.

Najua kuna atakayesema acha hadithi za uongozi, tuleteeni wauguzi wa kutosha. Na ana haki. Linda Aiken na wenzake mwaka 2002 walionyesha, kwa takwimu za hospitali za Pennsylvania, kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi mmoja uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa unapanda kwa asilimia 7. Hiyo haitibiwi na tabasamu la inchaji. Kiongozi anayewaambia watu wajitume zaidi wakati wodi ina muuguzi mmoja usiku anawadanganya tu kwa lugha laini.

Ila vitu hivi viwili havikai mbali mbali. Uingereza, nchi tajiri, ilipata aibu yake pale hospitali ya Stafford kati ya 2005 na 2009. Wakuu walikuwa wanafukuzia hadhi na kubana matumizi, wauguzi wakapunguzwa, wagonjwa wakaachwa wamelala kwenye uchafu wao na kiu. Ripoti ya Robert Francis ya 2013 ilitoa mapendekezo 290. Muuguzi mmoja wa emajensi, Helene Donnelly, alieleza jinsi walivyokuwa wanalazimishwa kuandika muda wa uongo ili ionekane mgonjwa kahudumiwa ndani ya saa nne, na aliporipoti alitishwa na wenzake mpaka akawa anaogopa kutembea peke yake kwenda kwenye gari baada ya zamu. Uhaba wa watu ulikuwepo, ndio, lakini uhaba wenyewe ungejulikana mapema kama waliouona wangesikilizwa. Bosi asiyesikiliza hata akiletewa wauguzi kumi hatojua wamekaa sehemu isiyohitaji. Na hata kuwabakisha ni hivyo hivyo, Wamarekani mwaka 1983, wakati nchi nzima ina uhaba wa wauguzi, walizichunguza hospitali 41 zilizokuwa hazikimbiwi, na moja ya waliyoyakuta ni wakuu wa wauguzi wanaoonekana wodini na wauguzi wenye sauti kwenye maamuzi. Wauguzi wetu siku hizi nao wana pa kwenda, binafsi, miradi, wengine wanafanya mitihani ya lugha usiku wakitaka Ulaya na Ghuba.

Mimi ningeanza na mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Rosta ibandikwe ukutani, siyo kwenye droo, na ya mwezi uliopita isitolewe, zikae pamoja watu wahesabu naiti wenyewe. Orodha ya semina hivyo hivyo. Mtu asifanywe inchaji kabla hajakaa japo miezi mitatu chini ya inchaji mzuri wa wodi nyingine akimwangalia anavyofanya, wazuri wapo kila hospitali na kila mtu anawajua kwa majina. Kosa likisemwa na aliyelifanya mwenyewe, ndani ya zamu ile ile, lisiandikiwe barua, barua iwe ya aliyeficha. Najua hapo wanasheria wa utumishi watakuja juu, na kuna makosa ambayo lazima yaende mbele Baraza la Uuguzi na Ukunga liyaone, mtu kaja kalewa, mtu kaiba dawa, hayo siyo ninayoyasema. Nasema dozi iliyorukwa na muuguzi aliyekuwa peke yake.

Na wakuu wa wilaya wakija na kamera zao, mganga mfawidhi awe na ujasiri wa kuwaomba waanzie ofisini kwake, wamfokee yeye.